Itidali na Usiku wa Nansubuga

Wewe unayemwona mtumishi akisinzia garini ukageuzia macho dirishani, sikiliza. Ndani ya basi la Wadi Kabir, mtaa wa mji wa Waarabu, mwezi wa Ramadhani, Bi Kheiria, aliyeshiba usingizi, alimwambia Nansubuga, mtumishi wa ndani wa nyumba nyingine aliyekuwa akisinzia kando yake, "Leo itidali, mwanangu. Mchana na usiku vimelingana, Mungu kagawa sawasawa."

Damu ilimchemka Nansubuga. "Kwetu Uganda vinalingana kila siku, mama, na usiku tunalala. Hapa napika futari, naosha vyombo, napika daku, kunakucha. Usiku wangu kauchukua nani?"

"Hilo neno la falaki, bibi wee, halihusu masufuria!"

"Kwako daku anapika nani?"

Basi likasimama. Bi Kheiria akashuka. Jibu wewe: leo hii mwambie binti wa jikoni mwako akalale, daku ujipikie.