Jiwe la Baba Tumboni mwa Egesembe

Sabato njema, wapendwa. Mama amenionya nisianze kulia kabla sijasema kitu, kwa hivyo wacha niseme upesi. Wengi mnanijua. Mimi ndiye niliyekuwa naimba sauti ya pili kwenye kwaya, halafu mkaona nafasi yangu iko wazi, mkaanza kuulizana kama nimeolewa. Sikuolewa. Nilikuwa nimekasirika, na leo nawaambia nilichokasirikia.

Kazi yangu ni kutengeneza simu pale Nyaramba. Siku moja nikasikia kuna mashindano mjini Kisii ya roboti ndogo zinazopigana mieleka. Msicheke, jamani. Kila roboti haizidi nusu kilo, na ukubwa wake ni kama kiganja cha mtu mzima. Zinawekwa mbili kwenye ubao mweusi wa mviringo wenye ukingo mweupe, watu wanaondoa mikono, zinatafutana zenyewe. Ile inayoisukuma nyingine nje ndiyo imeshinda. Na aliyejenga roboti itakayozishinda zote angechukuliwa kwenye karakana ya chuo kimoja, afundishwe umeme bila kulipa karo. Mimi chuo nilikuwa nakiona nikipita barabarani tu. Kwa hivyo mnaelewa nilivyolitaka jambo lile.

Nilijenga na rafiki yangu wa upande wa Marani. Jina lake silitaji, hata mkinifuata nje baadaye. Tulisoma pamoja tangu darasa la kwanza. Mama alikuwa akipika anamwekea chakula chake pembeni hata kama hajasema anakuja. Mikono yake ilikuwa imara kuliko yangu katika kuunga nyaya, siwezi kumnyima hilo. Mimi niliandika programu, yaani zile amri zinazoiambia roboti ifanye nini. Mota tulitoa kwenye mashine mbovu ya kuchapisha, mpira wa magurudumu tukakata tyubu ya baiskeli, na koleo la mbele, lile bapa la kusukumia, likatoka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Mama alipoona koleo lile akaiita roboti Egesembe, yaani jembe kwa Kikisii, na jina likashika.

Kulikuwa na shida moja. Egesembe ilikuwa nyepesi, na roboti nyepesi inasukumwa kama karatasi. Baba yangu, yule pale nyuma, alikuwa mchongaji wa mawe huko Tabaka kabla mgongo haujamkataa. Alikata kipande cha jiwe la rangi ya waridi, akakipiga msasa jioni nyingi, kikaingia tumboni mwa Egesembe sawasawa kabisa. Alikipapasa tu akaenda kulala.

Sasa sikilizeni. Mashindano yaliwekwa Jumamosi. Na mnajua nyumbani kwetu Ijumaa jua likikaribia kuzama, hata ufagio umeshawekwa mahali pake. Rafiki yangu yeye anasali Jumapili. Akaniambia, "Usijali, dada. Wewe nenda kanisani, mimi nitaipeleka. Nitawaambia ni yetu sote wawili." Nikamkabidhi Egesembe pale mlangoni kwetu, jua likiwa bado juu ya michai, nikaifunga kwa leso ya mama isipate vumbi. Ndugu zangu, nawaambia, kesho yake niliimba hapa kwa moyo wote. Niliona nimemtii Mungu na roboti yangu pia inacheza. Nilijiona nimepata vyote.

Jua lilipozama nikawasha simu. Nikakuta picha. Egesembe imeinuliwa juu, tumbo wazi, jiwe la baba linang'aa, na rafiki yangu anatabasamu peke yake. Imeshinda! Niliruka, nikamkumbatia mama, nikampigia simu hapo hapo.

Akapokea polepole. Nikamuuliza, "Chuo wametuambia tuanze lini?"

Akasema, "Wameuliza nani ameijenga. Nikasema ni mimi."

"Wewe na nani?"

"Sasa ungetaka niseme mtu ambaye hayuko? Mimi nilikuwa hapo. Wewe hukuwa."

Wapendwa, hakuna tusi ambalo lingeniuma hivyo. Kwa sababu ilikuwa kweli, sikuwa hapo, na nilikuwa nimekaa hapa ndani, kwenye benchi hilo la tatu, nikiimba. Aliingia chuoni na Egesembe yangu, na jiwe la baba, na hata leso ya mama hakuirudisha.

Nilianguka vibaya. Nilisukuma vyombo vyangu vyote chini ya kitanda. Nikawa nachuma majani chai na mama tangu umande mpaka gari la kiwanda lije, bila kusema neno. Na hapa kanisani sikukanyaga tena, kwa maana niliona nimesalitiwa mara mbili. Kuna yule, halafu kuna Mungu, ambaye nilimpa siku yake naye akaacha nipokonywe siku hiyo hiyo. Mkinikaripia nikaripieni, lakini ndivyo nilivyoona.

Kilichoniinua ni kitu kidogo. Jioni moja baba aliweka jiwe jingine mezani. Akasema, "Lile la kwanza limeenda. Hili sijui nikate kiasi gani. Nipe kipimo." Nikamwambia, "Baba, hakuna roboti." Akajibu, "Nimekuuliza kipimo." Akakaa. Hakuondoka pale mezani. Mwishowe nikainama chini ya kitanda kutafuta rula.

Mama naye aliwaeleza wenzake wanaochuma pamoja kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Hawa akina mama, bila kuniuliza, wakamchukua mzee wa kanisa wakaenda mpaka kwa waandaaji, maana mashindano mengine yalikuwa yanakaribia kwa zawadi ile ile, kusema binti yao hawezi kuja Jumamosi. Yule mwandaaji akashangaa. Akawaambia, "Hakuna aliyewahi kutuambia. Tungeweka Jumapili tangu mwanzo."

Nilipoletewa habari hiyo nilikaa chini. Tangu mwanzo! Mimi nilikuwa nimejificha na Sabato yangu kama mtu aliyeiba kitu, nikaona heri kumpa mwingine akanisemee kuliko kusema mwenyewe.

Basi wakahamishia Jumapili, ikafika, na nani alisimama ng'ambo ya ubao? Yeye. Na Egesembe yangu, sasa imepakwa rangi ya chuo, imekuja kutetea ushindi wake.

Lakini Egesembe niliiandikia mimi. Chini ya pua ina macho mawili, yaani vihisio, ya kuangalia ubao, na amri yangu ilikuwa hivi: ukiona cheupe, hapo ni ukingoni, rudi nyuma haraka. Nyuma haina macho, yalikuwa yametuishia. Roboti yangu mpya, niliyoijenga na jiwe lile la pili, nilikuwa nimeipaka koleo rangi nyeupe, ile iliyobaki tulipopaka madirisha.

Zikaachiliwa. Egesembe ikaja mbio, pua yake ikapanda juu ya koleo langu, ikaona weupe, ikarudi nyuma. Yangu ikaifuata. Ikarudi tena, na tena, mpaka ikadondoka nje yenyewe. Watu wakapiga kelele. Yeye akaigeuza huku na huku, akakaza skrubu zilizokuwa zimekaza tayari. Ilibaki raundi moja. Akanijia, akainama sikioni mwangu, akauliza kwa sauti ya zamani, ile ya kunong'onezana darasani: "Inaogopa nini?"

Karibu nimwambie. Tumekula sahani moja na yule mtu. Kisha nikasema, "Uliwaambia umeijenga wewe. Iulize."

Raundi ya pili ikawa kama ya kwanza.

Nawashukuru akina mama wa zamu, na mzee wetu, na mama aliyevumilia ukimya wangu. Nimechukuliwa na chuo. Neno langu kwenu, hasa ninyi vijana: kama kuna siku huwezi, sema mwenyewe kwamba huwezi. Usimtume mtu akuwakilishe mahali ambapo hujathubutu kuuliza kama mlango uko wazi.

Msidhani nimesamehe. Bado. Jumatatu naingia karakana ile ile, naye yumo, na nimeambiwa meza za kufanyia kazi ni za watu wawili wawili. Niombeeni kwa hilo.

Lakini Jumapili ile, tulipokuwa tunafunga vitu vyetu, alikuja amefumba kiganja. Hakuomba msamaha. Alikuwa amefungua tumbo la Egesembe. Aliniwekea kitu mkononi, akaenda zake, na nilipokitazama kilikuwa bado kina joto la mota.

Baba, njoo mbele kidogo. Jiwe lako hili hapa.