Risala ya Wavushaji wa Mfereji wa Jangwani Kuhusu Boriti Zao

Ndugu mgeni rasmi, ndugu viongozi wa Chama na Serikali, wananchi mliokuja kwa magari na mliokuja kwa miguu:

Sisi wanachama wa Ushirika wa Wavushaji tunakukaribisha kwenye ufunguzi wa Wiki ya Usalama Majini. Tunafurahi kukuona umekaa juu, pakavu. Huku kwetu pakavu ni padogo, na leo tumekuachia pote.

HISTORIA
Ushirika ulianza mwaka 1971 kwa mitumbwi minne. Leo tunayo kumi na mmoja. Kila masika tunavusha wauza mboga kutoka bondeni kwenda upande wa Kariakoo, na jioni tunawarudisha. Kila mwezi tunalipa ushuru wa matengenezo ya mfereji, na hatujawahi kuchelewa. Matengenezo nayo hayajawahi kuchelewa, kwa kuwa hayajaanza.

MAFANIKIO
Ni mengi. Tope limeongezeka bila kuigharimu Serikali hata senti. Mwaka juzi aliletwa mtaalamu, akapima kina cha maji akiwa amesimama barabarani, kisha akatuandikia ripoti nzuri ambayo tunaitunza. Zege la daraja la zamani lililobomoka bado liko katikati ya mfereji, limehifadhiwa vizuri kabisa. Maji yakijaa halionekani.

Tulipoomba alama za kuonyesha njia tuliambiwa tujitegemee. Tukajitegemea. Tulitafuta boriti kumi na mbili za mikoko, tukazipaka chokaa, tukazisimika pande zote mbili za njia. Kwa miaka mitatu hakuna mtumbwi uliogusa zege.

MATATIZO
Jumatatu Kamati ya Mapokezi ilikuja kuzing'oa zote. Ndugu Filbert wa Kamati alitueleza kwa upole, "Mbao hakuna mjini, ndugu zangu. Sasa mgeni akae wapi, kwenye tope?"

Mwenzetu Vitalis akamuuliza, "Na sisi tupite wapi?"

"Nyie si mnapita kila siku? Njia mnaijua."

Ni kweli tunaijua. Jumatano mvua ilinyesha, maji yakafunika zege, na Vitalis, anayeijua njia, akaligonga. Abiria wanne tuliwatoa. Wa tano, Bi Winifrida, muuza mchicha wa Mchikichini, tulimpata Alhamisi. Alizoea kukaa mbele na kutukosoa tunavyopiga kasia, na mara nyingi alikuwa sahihi. Inatuuma sana, ndugu mgeni rasmi, na hapa hatufanyi mzaha. Vitalis hajashika kasia tangu siku hiyo.

Jukwaa, hata hivyo, limependeza.

MAOMBI
Tuliandaa maombi tisa. Kamati ikatushauri tuyapunguze ili usichoke, nasi tumebakiza moja. Ukiinua kidogo hicho kitambaa cha kijani kilicho mbele ya miguu yako, utaiona chokaa yetu. Hatuombi fedha, wala katapila, wala mtaalamu mwingine. Tunaomba boriti zetu.

Sasa ni saa nane mchana. Saa kumi maji yatakuwa yamefunika zege, na kule ng'ambo wauza mboga arobaini wanasubiri kurudishwa nyumbani. Mmoja wao ni Sofia, binti wa marehemu, ambaye leo ndiyo mara yake ya kwanza kubeba kapu la mama yake. Kwa mujibu wa ratiba, hotuba yako itachukua saa mbili. Tunaomba uitoe ukiwa umesimama huku chini pamoja nasi. Wanachama wetu wawili wako nyuma ya jukwaa na nyundo, wanakusubiri ushuke tu.

Mungu akujalie afya, akurudishe salama kwako, na kila njia utakayopita aiwekee alama, na alama hizo asizing'oe mtu.

Ni sisi,
Wanachama wa Ushirika wa Wavushaji, Mfereji wa Jangwani.
Imesomwa kwa niaba yao na Elieshi, Katibu.