Leta Watoto, Leta Vyumba

Mheshimiwa Diwani wa kaunti, Mchungaji Kuria, mwenyeji wetu katika jengo hili, Sheikh wetu, viongozi wa jumuiya za Wakenya, Watanzania na Wakongomani, wazazi wenzangu, na ninyi watoto mnaojifanya hamsikii Kiswahili: karibuni Rockville, hapa Maryland.

Mimi ni Leokadia, muuguzi, na mwenyekiti wa kamati iliyohangaika mpaka tukapata chumba hiki cha kuwashauri wazazi wanaoachana kuhusu makazi. Nimeombwa niseme maneno ya furaha. Nitajaribu. Lakini nimechoka, ndugu zangu, na mtaniwia radhi nikieleza kwa nini.

Ndirangu na Chelagat wako hapa, mama safu ya mbele, baba kule karibu na mlango. Wameniruhusu niwataje. Walikuwa na nyumba ya ruzuku ya serikali kule Germantown, wao na watoto wao, Ethan na mdogo wake Bridget. Ndoa ikavunjika. Hakimu akasema jambo la busara: watoto wakae kwa zamu, wiki kwa mama, wiki kwa baba, mradi baba awe na mahali pa kuwalaza. Chelagat akabaki na nyumba. Ndirangu akahamia Manassas, mbali kule jimbo la Virginia, chumba cha chini kwenye nyumba ya watu, alikolala pamoja na wanaume wengine.

Akaenda ofisi ya nyumba. Wakamwambia, "Wewe ni mtu mmoja. Leta watoto, tutakupa vyumba." Akarudi mahakamani. "Leta vyumba, tutakupa watoto." Hivi, waheshimiwa, mtu aanzie wapi? Msimu mzima wa baridi baba huyu aliwaona wanawe kwenye mkahawa wa kuku kando ya barabara ya Rockville Pike. Siku moja Bridget alitazama meza, akatazama dirisha, akauliza kwa Kiingereza chake, "Baba, unakaa hapa?"

Na sisi je, tulioserebuka kwenye harusi yao? Wengine walimwambia Chelagat, "Mnyime watoto, atatia akili." Wengine wakamwambia Ndirangu, "Rudi tu kwa mkeo, vumilia." Ushauri tulikuwa nao tele, kitanda cha mtoto hakuna aliyetoa.

Aliyechoshwa na upuuzi huu ni Chelagat mwenyewe. Alikuwa bado na hasira na mtalaka wake, na hasira hiyo ilikuwa haki yake. Lakini aliomba ruhusa kazini kwake anakohudumia wazee, akampigia Ndirangu, akanichukua na mimi, tukaenda ofisi ya nyumba. Afisa wa dirishani alishangaa.

"Mama, wewe si una nyumba? Unalalamikia nini?"

"Watoto wangu hawana pa kulala kwa baba yao."

"Lakini huyu si mume wako tena."

"Najua, nimemwacha mimi mwenyewe! Ila ni baba yao. Hilo hakuna hakimu aliyelivunja."

Akaitwa msimamizi, naye akaanza wimbo uleule wa leta watoto. Chelagat akavuta kiti, akaketi. "Basi pigia mahakama simu sasa hivi, tukisikia. Siondoki."

Akapiga. Kumbe ofisi ingeweza kuahidi vyumba kwa masharti, na mahakama ingeweza kuipokea ahadi hiyo! Sheria haikukataza. Ni kwamba hakuna aliyekuwa ameinua simu. Kabla miti haijachipua, Ndirangu alikuwa na vyumba viwili Germantown hiyohiyo, na Bridget alikuwa akigombania kitanda cha juu na kaka yake.

Hawajarudiana, na tafadhali msiwasukume. Chelagat, ulimsaidia mtu ambaye hata kumsalimia kulikuwa kunakukera, kwa sababu ya watoto. Wengi wetu hapa, na heshima zetu zote, tungeshindwa.

Mheshimiwa Diwani, tunafurahi umekuja kutufungulia. Lakini chumba hiki kisingehitajika kama ofisi ya nyumba na mahakama zingekuwa zinazungumza. Kesho asubuhi anakuja hapa Lusekelo, baba mwingine, na hadithi ni ileile. Je, ofisi yako itapiga simu yenyewe, au nimtafutie naye mwanamke wa kuketi mpaka wapige?

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Mheshimiwa, mkasi wa kukatia utepe ninao mimi. Jibu kwanza.