Harufu Iliyonifuata Kutoka Kaburini

Ndugu zangu, mnaonijua hapa Kihesa mnajua nina domo. Leo domo lenyewe linatetemeka, mnivumilie.

Nilikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu mdogo wangu alipofariki. Lori likaharibika Mbeya, nikafika nyumbani amekwisha kuzikwa. Nikapelekwa kaburini nitupie udongo. Nilipoinama kuuchota, uvundo ukanijaa puani, uvundo wa kitu kilichooza. Wenzangu wametulia tu. Nikajua ni yeye, ananilaumu kwa kuchelewa.

Tangu siku ile hakuniacha. Nikipiga magoti kusali na kuinamisha kichwa, yupo. Nikaacha kusali. Shavu la kulia likawa zito, chakula hakina ladha, nikasema ni huzuni. Lakini penyewe hasa palikuwa jikoni kwa shemeji yangu, mjane wa marehemu. Mlango wake mfupi, huingii bila kuinama. Kila nikiinama pale, harufu.

Nawaambia kweli, niliogopa mpaka nikawa mkatili. Nikakusanya majirani, nikamwuliza ameficha nini cha mumewe.

"Shemeji, nifiche nini mimi?" akasema. "Ingieni mtazame."

Tukafukua hadi chini ya mafiga. Hatukuona kitu. Nikamwita mchawi hivyo hivyo, mbele ya watu, na baadhi yenu mlikuwapo. Akafunga mtoto mgongoni, akaondoka kwenda kwao Mbeya, na mvua inanyesha.

Harufu ikabaki.

Shavu lilipoanza kuvimba, mke wangu akanikokota hospitali ya misheni. Waganga wote niliowaendea kabla waliniuliza nani amekufa. Tabibu yule akauliza, "Unaisikia kwa tundu gani la pua?"

Sikuwahi kufikiri. Nikaziba la kulia, hakuna kitu. Nikaziba la kushoto, ipo. Jamani, marehemu gani huyo anayepita tundu moja? Akaniambia niiname. Shavu likapwita, uvundo ukaja. Kisha akaniingiza chumba chenye giza, akanitia kitochi mdomoni, nikafumba midomo, akanishikisha kioo. Shavu la kushoto likawaka jekundu. La kulia, jeusi tii.

"Ndani ya mfupa wa shavu kuna uwazi," akasema. "Wako umejaa usaha, na ukiinama unatiririkia puani. Uling'oa jino la juu?"

Niling'olewa Chunya, na mchimbaji mwenzangu, kwa koleo, wiki chache kabla ya msiba. Mzizi ulibaki, ukaoza hadi kwenye uwazi ule.

Akanichoma ile sindano mpya ya penisilini. Alipousafisha uwazi ule, usaha ukamwagika kwenye beseni, naye akageuza uso. Alikuwa mtu wa kwanza kuisikia harufu yangu. Yangu, ndugu zangu. Si ya marehemu, si ya shemeji. Nililia, na hakikuwa kilio cha furaha.

Nilipopona nilikwenda Mbeya kumwomba radhi. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Wewe umetibiwa pua," akasema. "Jina langu nani atalitibu?"

Ndiyo maana nimesimama mbele yenu. Namshukuru tabibu yule, namshukuru mke wangu ambaye hakuchoka kunikokota. Nanyi nawaachia hili: ukisikia uvundo peke yako, anza kujikagua mwenyewe. Shemeji yangu hakuwa mchawi. Mlionisikia siku ile, kawaambieni wote mliowasimulia. Yeye hayupo hapa. Nilimwomba aje, akasema njia hiyo ameipita mara moja, inatosha.