Karatasi ya Boksi la Tano

Sikilizeni wanangu, na wewe kitinda mimba funga hilo dirisha kisha ukae, maana jambo hili nikilisema mara moja sitakuwa na pumzi ya kulirudia. Vitu vyangu havina maneno mengi. Nyumba ni yenu nyote wawili. Mita zangu za kupimia umeme, pamoja na ile yenye kishikio nilichokifunga utepe, ni za dada yako, kwa kuwa ndiye fundi, nawe huutambui waya wa moto mpaka ukushike. Cheka, cheka tu, nataka nikuone ukicheka.

Sasa fungueni kabati mtoe faili la kijani. Humo mna cheti cha bweni la wanafunzi wa uuguzi, lile la ghorofa tatu, kazi niliyoifanya miaka tisa iliyopita. Jengo lile lina maboksi matano ya umeme, na kila boksi lina karatasi yake ya majibu ya vipimo, nami nimewaambia tangu mkiwa wadogo kwamba karatasi ile haiandikwi mezani, huandikwa umesimama mbele ya boksi, kifuniko kimetolewa, mita iko mkononi. Manne niliyapima hivyo. La tano liko chumba cha kufulia, na siku ile mlango ulikuwa umefungwa, mwenye ufunguo amekwenda msibani, na mkuu wa bweni amenisimamia kichwani anataka cheti kwa kuwa wasichana wanahamia kesho yake. Nikakaa kwenye ngazi, nikanakili majibu ya boksi la nne kwenye karatasi ya la tano, mstari kwa mstari, nikatia sahihi. Nilijiambia nitarudi Jumatatu. Sikurudi.

Koleo aliona. Mnamkumbuka Koleo, fundi mwenzangu aliyekuwa akiwabeba mabegani. Aliziweka karatasi mbili pamoja, akaniambia, "Kaka, maboksi mawili hayatoi namba zilezile chini mpaka juu. Hili hukulipima." Badala ya kukiri nikamwita mwenye wivu mbele ya mafundi wote, nikamfukuza, nanyi miaka yote hii mmeamini kwamba Koleo alinikosea. Mimi ndiye niliyemkosea, na nililijua hilo siku ileile.

Mtaniuliza kwa nini nayasema leo. Binti yangu, Alhamisi ulikuja hapa umejaa furaha na barua mkononi, mwanao amepata nafasi ya uuguzi, na chumba katika bweni lile. Nikakushika mkono, nikamshukuru Mungu, na tangu hapo sijapata usingizi. Namwona mjukuu wangu miguu mitupu kwenye sakafu iliyoloa, mkono juu ya mashine ya kufulia, na sijui kama waya wake wa ardhini, ule unaomkinga mtu asipigwe na umeme, umeunganishwa popote. Kinachoniuma zaidi ni hiki: miaka tisa watoto wa wenzangu wamefua mle, nami nikala nikashiba, nikalala nikakoroma. Nilisubiri awe wangu ndipo niogope. Naona haya, wanangu.

Wewe, usimkonyeze dada yako, nimekuona. Unataka kusema tumwambie mtoto akafulie kwingine, tunyamaze, jina letu kwenye mlango wa gari lisichafuke. Wazo hilo nililipata kabla yako, nikakaa nalo siku nzima, na nilikuwa nalipenda. Nalikataza.

Mkitoka hapa mpitieni Koleo. Mwambieni namwomba radhi, na asipotaka kuja nanyi msimlaumu. Nendeni mkalizime boksi lile, mlipime mstari kwa mstari, muandike kwenye karatasi mpya namba mtakazoziona, ziwe nzuri, ziwe mbaya. Ile yangu msiichane. Mpelekeeni mkaguzi, mmwambie baba yetu hakupima, alinakili. Wakitunyang'anya leseni, binti yangu, utaanza upya chini ya fundi mwingine, na umri huo ulio nao. Huo ndio urithi mbaya ninaokuachia. Nisamehe. Usilie sasa, utalia ukishapima.

Na nikiondoka kabla hamjarudi, msinizike mpaka karatasi mpya imeandikwa. Boksi lile nimelisubirisha miaka tisa, nami nitasubiri siku moja.

Maji... kidogo tu. Basi. Inameni niwashike vichwa, mkono huu sasa ni mzito. Mungu awape macho ya kuona na ulimi wa kusema mlichokiona. Awape kupendana, msigombane kwa ajili ya mita zangu. Na yule mtoto... afue nguo zake salama, yeye na wenzake wote, wale nisiowajua...

Mwaka ule nilikuwa na haraka. Mkiambiwa ufunguo haupo... msikae kwenye ngazi kama mimi. Simameni mlangoni. Simameni hapo... mpaka ufunguliwe.