Fundi Aliyezibana Kiuno Pikipiki za Vilkupe

Nyinyi mliokuwa mkija hapa kila Jumamosi na mabuti yenu ya tope, mmepotelea wapi? Mwaka mzima napika mbaazi za kijivu na nyama ya nguruwe, zinaliwa na watu wanne na mbwa. Magari mnayo, lami imefika mpaka mlangoni, lakini nyuso zenu tunaziona kwenye picha za ukutani tu. Haya, kama mbaazi hazikuwavuta, aibu na iwavute: Fundi Tālis Grāvelis anastaafu tarehe 30 Juni, wiki moja baada ya Jāņi, sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi, akiwa ametimiza miaka thelathini na tatu katika karakana ya klabu yetu ya mbio hapa Vilkupe. Someni mpaka mwisho. Nitajua nani hakusoma.

Alikuja hapa akiwa bado na nywele, ametokea kwenye zile pikipiki za mbio zenye kibehewa cha pembeni. Zilipoingia za matairi manne, wenzake walizicheka, wakaziita meza za kulia chakula. Tālis hakucheka. Alipiga magoti mbele ya ile ya kwanza, akaitazama mpaka chai yake ikapoa, kisha akasema, "Hii meza ina mikono mifupi."

Mikono ni vile vyuma vinavyotoka kwenye fremu kwenda kushika gurudumu la mbele. Mkono mfupi ukipanda, gurudumu linalala ubavu kama mlevi. Mkono mrefu ukipanda, gurudumu linabaki limesimama. Hilo kila fundi alilijua. Lakini wakaguzi wa mbio wana kipimo chao cha upana, na ukikizidi kwa nje unarudi nyumbani bila kuwasha injini. Wengine wakaona mlango umefungwa. Tālis akaingilia ndani: akaibana fremu kiuno, pale mbele, ikawa nyembamba, mikono ikapata nafasi ya kurefuka, na kwa nje hakuna kilichozidi hata unywele.

Mkaguzi mmoja alipima, akavaa miwani, akapima tena.

"Grāvelis, unanificha nini?"

"Sikufichi kitu, bwana. Imefunga mkanda tu."

Makombe yaliyotokana na mkanda huo yamepangwa juu ya friji. Mimi ndiye ninayeyafuta vumbi, kwa hiyo msiniambie ni machache. Na msidhani aliishia kwenye pikipiki. Kwenye harusi ya mpwa wake alikutwa chini ya gari la bwana harusi, na suti. Kigari cha mtoto wa Aivis, fundi wetu wa pili, nacho alikinyoosha magurudumu ya mbele bila kuombwa. Mtoto alilala vizuri, mama yake alinuna wiki nzima kwa ajili ya grisi.

Sasa nifike kwenye pikipiki yake ya mwisho, maana hiyo ndiyo iliyotutoa jasho.

Mnaijua desturi ya karakana. Kipande cha kwanza alichokitengeneza fundi mkuu alipoanza kazi hufunguliwa kwenye pikipiki kuukuu na kufungwa kwenye mpya, ili ya zamani iifundishe mpya. Cha Tālis ni kile kibati kinene cha chini ya usukani, kinachoshika tairodi mbili, vyuma vyembamba vinavyogeuza magurudumu. Kimehama pikipiki hadi pikipiki miaka yote hii, na hakuna aliyewahi kukiwekea kipimo. Nani anampima bibi yake?

Pikipiki hiyo alimtengenezea Madara Spalviņa, yule binti aliyevunjika mtulinga vuli iliyopita. Fremu yake ndiyo nyembamba kuliko zote alizowahi kuchomelea. Siku ya kwanza ya mazoezi Madara aliruka kilima cha mchanga, akatua, na pikipiki ikajichagulia njia yake ikaenda kushoto. Yeye akaenda kwenye nyasi. Alirudi kwa miguu, ameshika bega.

"Mzee, inaniponyoka ikitua. Ikinitupa tena, kofia hii naitundika msumarini, na siivai tena maisha yangu."

"Haitakutupa," Tālis akasema, lakini uso ulikuwa mweupe kama jibini. Alijua, na sote tulijua: Madara akiacha mbio, kilichomwachisha ni kazi ya mwisho ya mikono ya Tālis. Aondoke na hilo kwenda nyumbani, akae nalo mpaka kaburini.

Kesho yake asubuhi akaja jikoni kwangu.

"Nipe fagio mbili."

"Za nini? Karakana nimeshaifagia."

"Nipe tu, mama, usinihoji."

Aliipandisha fremu juu ya magogo, akatoa shokapu zote mbili za mbele ili magurudumu yawe huru kupanda na kushuka, akafunga mpini mmoja kwenye kila gurudumu, ncha zikitazama ukuta. Magurudumu yakiwa kwenye kimo chake cha kawaida, fagio zangu zilikwenda sambamba. Kisha akaweka jeki chini ya magurudumu, akayapandisha taratibu kama yanavyopanda mtu anapotua. Fagio zikaanza kuachana, moja inatazama dirisha, nyingine inatazama mlango, kama mke na mume waliotoka kugombana. Hakuna mkono uliogusa usukani. Magurudumu yaligeuka yenyewe.

Aivis akakohoa.

"Sema, Aivis. Mdomo unao."

"Mzee, nadhani ni kile kibati."

"Kibati kipi?"

"Chako."

Tālis akalala chali chini ya pikipiki, tukaona miguu tu. Alipotoka alikaa sakafuni.

"Kweli. Mikono nimeianzisha ndani zaidi, tairodi zimebaki nje palepale. Mkono mrefu, tairodi fupi, vitapandaje pamoja? Nimebana kila kitu isipokuwa hiki. Nilikionea haya."

"Tuchonge chako kipungue?" Aivis akauliza.

"Hapana. Tengeneza kipya. Wewe."

"Nichukue vipimo vya hiki?"

"Hiki hakina kipimo cha kukupa. Pima fremu."

Miaka kumi Aivis amefanya kazi hapa, na hakuna kipande chake hata kimoja kilichowahi kuhama. Alipima fremu mara tatu kabla ya kukata bati. Nilimwambia Tālis ale. Akala amesimama, macho kwenye cheche.

Jumapili ya mwisho ya Mei mbio zikawa kwetu, kibati cha Aivis kikiwa chini ya usukani. Madara alipokaribia kile kilima, nilimtazama Tālis pembeni yangu. Amefumba macho.

"Fumbua, mzee! Mimi sikuhadithii!"

Akafumbua. Pikipiki ikapanda angani, ikakaa huko muda niliouona mrefu kupita kiasi, ikashuka na magurudumu yote mawili ya mbele, mchanga ukaruka, na ikaenda mbele. Mbele tu. Wala haikuwaza kushoto.

Madara alimaliza wa tatu. Alikuja amejaa mchanga mpaka kwenye meno.

"Imetua kama kuku kwenye mayai!"

"Kwa hiyo unaacha?" Tālis akamuuliza.

"Niache nikafanye nini? Nikapike na bibi?"

"Jikoni kwangu?" nikamwambia. "Hata chumvi ilipo hujui."

Tālis alimwendea Aivis, akamshika mkono na grisi yake yote. "Sasa naweza kwenda," akasema.

Nenda basi, Tālis. Asante kwa kila mfupa ambao haukuvunjika kwa sababu yako. Lala mpaka jua lichomoze, chemsha bafu lako la mvuke, chuma uyoga wako, uzeeke polepole na miguu yote miwili ikitazama mbele. Hapa jikoni sahani yako sitampa mtu.

Na nyinyi watoro, mje siku ya jina lake. Kila jina lina siku yake kwenye kalenda, na siku hiyo hakuna anayealikwa: anayekumbuka ndiye mgeni. Maua yasiwe ya idadi shufwa, hatuendi mazishini. Na kama pikipiki yako inakwenda kombo, usithubutu kumpelekea mezani. Pita kwanza karakanani, umwachie Aivis, umwite fundi mkuu mbele ya watu wote asikie, kisha ndiyo uje ule.