Filipo Chilumba, Kinyozi Aliyenyolewa na Watoto

Marehemu Filipo Yohana Chilumba alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika kijiji cha Kitaya, kando ya mto Ruvuma, mtoto wa tatu wa Mzee Yohana na Bi. Agnesi. Mimi dada yake, ninayewasomea haya, nilimbeba mgongoni, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka 1962, akamaliza darasa la saba mwaka 1968. Siku ya kwanza kunyolewa shuleni, wanafunzi wakubwa wawili walimkalia, wa tatu akapitisha wembe mkavu. Alirudi nyumbani na damu sikioni, kaptula imelowa. Wenzake walimtungia wimbo.

Mwaka 1975 alihamia Mtwara mjini, akabeba mizigo bandarini, na mwaka 1986 akafungua kibanda cha kunyoa Likombe. Husemwa kinyozi hajinyoi. Huyu alinyolewa na watoto. Mtoto akiingia analia, Filipo aliketi yeye kwenye kiti, akamshikisha mashine.

"Babu, inauma?"

"Sijui. Ninyoe mimi kwanza, halafu uniambie kama nimelia."

Mtoto alipitisha njia moja kichwani, akamchungulia machoni. "Hujalia."

"Haya, zamu yako."

Hakuna aliyeshikiliwa kibandani mwake. Ndiyo sababu miaka yote alitembea na kichwa cha mabaka, na kina mama wa sokoni wakimpigia kelele, "Baba Fredi, leo nguruwe wameingia kwenye mihogo!" Naye akiwajibu, "Nguruwe wenyewe wana miaka mitatu, wasameheni."

Hao walitania tu. Lakini jina lake lilipotajwa kwa uenyekiti wa jumuiya, wengine mlisema hana kichwa cha kusimama mbele ya watu. Watoto wenu aliwanyoa yeye. Leo mmekuja na mashada. Karibuni.

Alifunga ndoa na Bi. Helena tarehe 12 Septemba 1981, wakajaliwa Fredi na Faraja. Kibanda hicho ndicho kilichomsomesha Fredi hadi akapata ofisi. Ilipokaribia harusi ya Fredi, mwaka 2016, baba aliambiwa afunge kazi wiki tatu nywele ziote. Alifunga. Siku moja kabla ya harusi, mama mmoja akamleta mwanawe kutoka Mtawanya, anatetemeka, ametoka kubanwa kichwa kwa kinyozi mwingine. Filipo akafungua, akaketi kitini, akampa mashine. Kesho yake, mlangoni mwa kanisa, Fredi alimwambia, "Baba, vaa kofia, au ukae nyuma." Mwanamume havai kofia kanisani. Alikaa nyuma. Picha za harusi zipo, mtafuteni humo kama mtamwona.

Mjukuu wake Baraka, mtoto wa Fredi, alipozaliwa mwaka 2020, Filipo aliacha shungi moja juu ya paji, akawakataza watoto wengine wasiliguse. "Hizi za mjukuu wangu." Baraka hakuletwa. Alipelekwa saluni ya mjini, watu wazima wawili wamemshika, analia mpaka anatapika. Shungi likaota, likawa jeupe, likaning'inia, na watu wakazidi kucheka. Hakulikata.

Kisukari kilimwanza mwaka 2019. Februari mwaka huu alikatwa mguu, kisha figo zikakataa. Alifariki hospitalini asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025. Mwili haujapoa vizuri, Fredi akaagiza anyolewe kipara, kwa kuwa wakubwa wa ofisini watakuja kumuaga. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Shangazi, nilitaka baba apendeze." Basi mtakapopita mbele ya jeneza, kichwa mtakachokiona si chake.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Helena, watoto wawili, Fredi na Faraja, mjukuu mmoja, Baraka, na mimi dada yake.

Matanga tutaanua Jumamosi, na ukoo utanyolewa kama ilivyo desturi yetu. Baraka ana miaka mitano, na ameshaniuliza ni nani atakayemshika. Nimemjibu, hakuna. Nitakaa mimi kwanza kwenye kiti, na mashine atapewa yeye. Fredi, mwanangu, siku hiyo mikono yako itakaa mfukoni.

Lala, Filipo, mdogo wangu. Mungu akupe amani ambayo sisi hatukukupa.